Mkono Uliotetemeka

Mimi mwalimu nina kosa la kuungama. Mtoto wangu alipotimiza miaka 4, nilimketisha barazani kila jioni, kalamu mkononi, ili awapite wenzake. Nao wenzake walikuwa wakisukuma tshukudu ndogo za mti kwenye mteremko wa Kirotshe, na kufinyanga ng'ombe wa udongo kando ya Ziwa Kivu. Mkono wake ulitetemeka, kalamu ikaanguka, nikamkaripia, akalia.

Mama yangu akasema, «Mwanangu, wafundisha kidole kabla ya bega.» Nikanyamaza. Kumbe ndivyo mwili ukuavyo: shingo, mgongo, kisha miguu, bega kabla ya vidole. Hata Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 auchezeshe mwili walau dakika 180 kwa siku, 60 kati yake kwa nguvu ya wastani au zaidi.

Basi nikamwachia. Miezi ikapita, siku moja akaniletea ng'ombe wa udongo mwenye pembe nyembamba, kisha akaitwaa kalamu mwenyewe, wala haikuanguka. Jioni hii, ndugu, mfungulie mwanao mlango. Mchezo si uvivu. Ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa na Mungu.