Samaki wa Sebuleni: Nani Akae na Nani?

Akina mama wengi tunaokaa katikati ya Dar es Salaam tunamjua samaki wa Feri. Tunafika asubuhi mapema, tunatazama macho na matamvua yake, tunapatana bei, kisha tunarudi nyumbani na changu au dagaa. Lakini samaki wa kuwekwa hai sebuleni, ndani ya tangi la kioo, hatukumjua hata kidogo. Tulijifunza kwa hasara, na tumeona vema kuwaeleza wenzetu ili wasirudie kosa letu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wetu wa kike alifariki huko Kigoma, na mwanawe wa miaka tisa akaletwa kwetu Kariakoo. Watoto wetu wawili walimpokea vizuri siku za kwanza, kisha ugomvi ukaanza: kitanda cha nani, kiti cha nani, daftari la nani. Yeye hakugombana; alinyamaza tu. Baba watoto akashauri tuwatafutie kitu cha kuwaweka pamoja. Fundi vioo akatutengenezea tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa huchukua lita 54 za maji.

Siku hiyo hiyo tukalijaza maji ya bomba. Watoto wakaleta makombe na vipande vya matumbawe kutoka ufukweni, karibu na Feri, kwa ajili ya mapambo. Tukanunua samaki 12 kwa mkupuo: gapi wenye mikia mirefu, samaki wa dhahabu watatu, na samaki mpiganaji mmoja mwekundu. Tulichagua kama tunavyochagua kitenge, kwa rangi tu.

Asubuhi ya tatu saba walikuwa wamekufa. Mikia ya gapi ilikuwa imechanika. Mtoto wa marehemu akawahesabu, kisha akauliza, "Mama mkubwa, nani amewaua?" Tangu afike hakuwa ametuuliza jambo lolote. Ingekuwa rahisi kumsingizia muuzaji. Tukatazamana na baba watoto, tukamwambia kweli: "Ni sisi, mwanetu, kwa kutojua. Sasa tutajifunza."

Tukajifunza, wote watano. Kosa la kwanza lilikuwa maji. Klorini inayotukinga sisi na magonjwa huwaumiza samaki. Maji ya bomba yakiachwa kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini hupungua. Tena kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Wapo bakteria wema wanaoigeuza, lakini huchukua wiki kadhaa kuongezeka katika tangi jipya. Sisi tuliozoea kazi ya wodini tulipaswa kulifahamu hilo mapema: si kila kijidudu ni adui. Kwa hiyo mtu aanze na samaki wawili watatu, asubiri, kisha aongeze kidogo kidogo.

Kosa la pili lilikuwa kuchanganya wasiopatana. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi, huchafua sana, na aweza kukua kupita sentimita 20. Tangi dogo si kwake. Dume la samaki mpiganaji huona mkia mrefu wa gapi kama wa mpinzani, akaurarua. Wala hilo si jambo la matangini peke yake. Katika Ziwa Viktoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wengi, ambao hawakuwa wakipatikana popote pengine duniani, walikuwa wametoweka. Ikiwa ziwa kubwa namna ile lilivurugika, sembuse lita 54? Kwa sababu hiyo hiyo, samaki uliyemchoka usimmwage mtoni wala bwawani.

Kosa la tatu lilikuwa mapambo. Matumbawe na makombe ni chokaa, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa Ziwa Tanganyika huyapenda maji ya namna hiyo, na gapi huyavumilia, lakini wale wa mito ya maji laini hudhoofika. Ukitaka kujua jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Osha mawe na mchanga kwa maji matupu, sabuni isiguse. Usiweke kitu chenye rangi inayobanduka. Na tangi lisikae penye jua la dirishani, maana maji yatageuka kijani.

Tulipokuwa tayari kuanza upya, mtoto wa Kigoma ndiye aliyesema. Kwao, alisema, ukisimama ufukweni penye miamba unaona samaki wadogo wenye mistari, kila mmoja na ufa wake kati ya mawe. "Mama alinionyesha. Wakifukuzana, mdogo anaingia kwake." Akawapangia wenzake mawe, huku wanetu wakimpokeza moja moja, mpaka vikatokea vipango vingi vya kujificha. Baadaye tulisoma kwamba ziwa lile lina zaidi ya aina 200 za samaki hao, na kwamba wapo wadogo mno wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono.

Leo tangi letu lina gapi sita, madume watupu, kwa kuwa wakichanganywa na majike huzaana upesi mno. Ipo mimea, yapo mawe yale. Kila Jumamosi tunabadilisha robo ya maji, na chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu, basi.

Ugomvi nyumbani haukwisha kabisa. Watoto ni watoto. Lakini tulikuwa tumemleta yule mtoto katika chumba kilichojaa bila kumtengea hata rafu moja. Juma lile baba watoto alimpigilia rafu yake ukutani, pamoja na kijipazia. Siku hizi akikasirika huingia nyuma ya pazia, na wenzake wameambiwa wasimfuate. Baada ya muda hutoka mwenyewe, akauliza kama samaki wamekula.