Kamera Ilizima, Ndoa Ikafungwa

Wadau, leo sizungumzii lenzi mpya. Leo nazungumzia aibu.

Februari mwaka jana nilipewa kazi ya kurekodi nikah Likoni. Mwaijua kaskazi ya Mombasa, hata kivulini jasho latiririka. Turubai lilikuwa limejaa, kwa hivyo stendi nikaisimamisha pembeni, juani. Nikabonyeza rekodi, 4K, fremu 60 kwa sekunde, nikaiacha iende tu. Kasida, wageni wakiingia, wazee wakimsubiri sheikh, yote nikarekodi. Niliogopa kupitwa.

Baba ya bibi harusi alipomshika mkono mkwewe, yaani ndio anataka kutamka, skrini ikaonyesha alama ya kipimajoto. Kisha giza. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Watu washaanza kula halwa na kahawa, mimi bado nimeshika kamera ya moto kama sufuria.

Nilirudisha nusu ya pesa. Kipande walichobaki nacho ni cha simu ya ami yake bibi harusi. Kinatikisika, na kidole chake chaonekana kwenye kona. Ndicho wanachotazama mpaka leo.

Baadaye ndio nikaelewa. Fremu moja ya 4K ina pikseli kama milioni 8.3, ya 1080p ina kama milioni 2. Sasa piga mara 60 kila sekunde, kwa saa nzima. Kihisi cha picha na prosesa zinachemka, na kamera nyingi ndogo hazina feni. Joto linatokea kwenye bodi tu, na bodi yenyewe nimeianika juani! Canon EOS R5 ilipotoka 2020, Canon wenyewe walisema 8K itaenda kama dakika 20, na hapo walipima kwenye nyuzi 23. Likoni Februari ni zaidi ya 30.

Siku hizi nafanya hivi. Kamera inakaa kivulini, pakikosekana namtafuta kijana ashike mwavuli. Skrini naivuta mbali na bodi ili joto lipate njia. Narekodi 1080p, au 4K fremu 25. Kati ya tukio na tukio nazima kabisa. Kama menyu inaruhusu, kiwango cha joto cha kujizima nakiweka juu, lakini kamera iwe kwenye stendi, sababu bodi yaweza kukuchoma mkono. Na tafadhali, usiitie kwenye friji. Ukiitoa, hewa yetu ya pwani itaifanya itoe maji kama glasi ya sharubati baridi, ndani na nje.

Halafu simu ya pili inarekodi kando. Kila kazi, bila kubishana.

Najua mteja atauliza, "Ni 4K?" Sisi nasi twaogopa kusema hapana, tuonekane hatujui kazi. Mimi sasa namuuliza atatazama wapi. Wengi ni kwa simu, na bando la kuhesabu.

Familia ile haikuniuliza pikseli hata moja. Mama yake bibi harusi aliniuliza tu, "Mwanangu, sauti ya babake iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Wewe je, kamera ilishakuzimia wapi?