Kabla Hatujaenda Han



Mwezi ujao darasa la Kiswahili linafunga safari. Tunakwenda Han-sur-Lesse, kijiji kidogo katika mkoa wa Namur, zaidi ya kilomita mia moja kusini-mashariki ya Brussels, kutazama mapango. Walimu wameniomba niandike machache ya kuwaandaa, kwa kuwa nimekwisha kufika huko mara tatu, na kwa kuwa mama yangu ni mtu wa Tanga, mji ambao nao una mapango yake. Nimekubali kwa furaha, ila nina langu la kusema, na nitalisema kabla sijamaliza.

Tuanze na mavazi. Wazazi, wapeni watoto sweta hata kama jua litawaka siku hiyo. Ndani ya pango la Han joto ni nyuzi 13, iwe kiangazi au majira ya baridi, na hewa ina unyevunyevu. Viatu viwe vya kushika chini, maana njia zina majimaji. Kutoka kijijini tutapanda tramu ya zamani, ambayo imekuwa ikiwapeleka wageni mlimani tangu mwaka 1906.

Sasa sikilizeni kisa cha mto. Mto unaitwa Lesse. Unakuja taratibu kama mito mingine, kisha unakutana na mlima wa mawe. Zamani sana uliuzunguka mlima huo, na bonde ulimopita bado lipo, lina msitu na majani, wanyama wanatembea humo. Lakini baadaye mto ulipata njia ya mkato. Mahali panapoitwa Belvaux maji yanaingia chini ya mlima na kupotea kabisa. Yanatokea tena upande wa pili, kwenye mdomo wa pango uitwao Trou de Han. Katikati hapo, gizani, ndipo penye kumbi tutakazotembelea, nyingine kubwa kiasi kwamba ungeweza kujenga msikiti au kanisa ndani yake na nafasi ikabaki.

Je, maji yanawezaje kutoboa mlima? Jibu mnaweza kulipata jikoni. Chukueni ganda la yai, mlitie kwenye gilasi ya siki, mngoje. Mtaona vipovu, na kesho yake ganda limelainika. Ganda la yai na jiwe la Han ni ndugu: vyote viwili ni chokaa. Mvua inaponyesha, maji hupita kwenye majani yaliyooza na kwenye udongo, yakachukua gesi ya kaboni dioksidi, ileile inayofanya soda itoe povu. Maji hayo huwa na ukali kidogo, mdogo hata ulimi hauusikii, lakini jiwe la chokaa linausikia. Linayeyuka kidogo kidogo. Ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa njia, njia inakuwa ukumbi.

Halafu maji yaleyale hujenga. Tone likifika darini mwa pango, ile gesi hutoka, na chembe ya chokaa hubaki juu. Tone linalofuata huongeza chembe nyingine. Ndivyo zinavyoota zile nguzo zinazoning'inia, ziitwazo stalaktiti, na zile zinazosimama kutoka chini, ziitwazo stalagmiti. Nguzo yenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza ilianza kuota kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Neno chokaa nimelitaja mara nyingi kwa makusudi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua jiwe hili kuliko unavyodhani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na Mombasa, na magofu ya Kilwa na Gedi, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Mafundi walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakachoma mpaka yakawa unga mweupe. Bibi zetu waliipaka chokaa hiyohiyo kwenye jani la tambuu, wakaweka na popoo, wakatafuna wakiongea barazani. Na wenzetu mnaotoka Kongo msijione mmeachwa nyuma: Mlima Hoyo, kule Ituri, una mapango ya jiwe hilihili.

Na jiwe la Han je? Lilizaliwa baharini. Takriban miaka milioni 380 iliyopita hapa tunapoishi palikuwa na bahari ya joto yenye maji maangavu, iliyojaa matumbawe na viumbe wenye magamba. Na bahari hiyo haikuwa huku kaskazini. Nchi hutembea polepole mno, na wakati ule sehemu hii ya dunia ilikuwa kusini ya ikweta. Kwa hiyo mtoto akikuuliza uwanjani "Wewe unatoka wapi?", unaweza kumjibu kwamba hata mawe ya Ubelgiji yalitoka kusini, yakachukua muda mrefu kufika.

Sasa niwapeleke Tanga. Kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, karibu na barabara iendayo Mombasa, yako Mapango ya Amboni. Jiwe lake ni changa kuliko la Han, lina umri wa miaka milioni 150 hivi. Yako mapango kumi, na wageni huongozwa ndani ya moja tu. Jioni popo hutoka kwa wingi kwenda kutafuta chakula. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliyatangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1922, na mwaka 1963, baada ya Uhuru, yakawa chini ya Idara ya Mambo ya Kale.

Mama yangu alikulia karibu na hapo. Alipokuwa akitusimulia, pango la Amboni halikuwa na mwisho. Njia moja ilitokea Mombasa, nyingine ilifika Kilimanjaro. Mzungu mmoja na mkewe waliingia na mbwa wao, wasionekane tena. Mbwa peke yake akaja kuonekana mbali sana, huko Kilimanjaro. Watu wa Tanga wengi wanakijua kisa hicho. Nami niliwasimulia wanangu kama nilivyosimuliwa, hapa Brussels, usiku wa theluji.

Binti yangu alipofika miaka tisa alikuwa amejifunza shuleni kutafuta habari mwenyewe. Akanijia na tableti mkononi. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango ya Amboni, na refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja. Kutoka Tanga mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita mia. Akanitazama usoni, akauliza, "Mama, bibi alitudanganya?"

Wazazi wenzangu, nadhani swali hili mnalijua, hata kama kwenu lilikuja kwa maneno mengine. Watoto wetu wanapata elimu nzuri huku, nasi tunaishukuru. Lakini kila wanapopima jambo la nyumbani na kukuta halitimii, sisi tunaogopa. Tunaogopa wataweka kando hadithi moja, kesho ya pili, na kesho kutwa wataiweka kando na lugha yenyewe.

Sikuwa na jibu, basi tulimpigia bibi simu. Binti yangu akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza bila kuzungusha. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mke mwenzangu, mimi sikupima. Mimi niliambiwa tu kwamba halina mwisho. Na kwa sababu hiyo hakuna mtoto wa kwetu aliyeingia peke yake, na hakuna aliyepotelea humo. Sasa nyinyi mmepima, vizuri. Lakini msiingie peke yenu."

Binti yangu alifikiri kidogo, halafu akasema, "Kumbe ilikuwa uzio."

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia. Hadithi ya bibi ilikuwa uzio. Ndani ya Amboni kuna mahali ambapo watu huenda kuomba na kuacha sadaka zao, na mahali penye mzimu hapachezewi. Hapachimbwi, hapavunjwi mawe, hapakatwi miti ovyo. Watu walilinda pango kwa heshima na kwa hofu kabla ya kibao chochote cha serikali. Na ulinzi unahitajika, maana jiwe la chokaa ndilo linalosagwa na kuchomwa kutengeneza saruji, na Tanga ina kiwanda chake cha saruji. Huku Ubelgiji uzio ni wa aina nyingine: sheria, tiketi, mwongozaji mwenye tochi. Tangu mwaka 2018 UNESCO imeitambua nchi yote inayozunguka Han, Famenne-Ardenne, kuwa jiopaki ya dunia, yaani si pango peke yake bali pia mito, mabonde, misitu na vijiji vyake. Wameelewa kwamba pango ni mtoto wa mlima: ukichafua maji juu, umechafua ukumbi chini.

Mnaweza kuuliza, kuna nini humo hata palindwe hivyo? Nitawajibu kwa watoto wawili. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walikuta kaburi dogo lenye umri wa miaka 78,000. Aliyelazwa humo alikuwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa chake kilikuwa kimewekewa kitu kama mto. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2021, hadi wakati huo hakuna kaburi la binadamu la zamani zaidi lililokuwa limejulikana Afrika. Wataalamu wakampa jina la Kiswahili, na sasa dunia nzima inamwita Mtoto.

Wa pili alikuwa jirani yetu. Karibu miaka 200 iliyopita, kwenye pango la Engis karibu na Liège, daktari Philippe-Charles Schmerling alipata fuvu la mtoto mdogo, naye wa miaka kama mitatu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja watu kutambua kwamba alikuwa Neanderthal, wale jamaa zetu wa kale waliokwisha kutoweka. Watoto wote wawili walihifadhiwa na jiwe la chokaa. Mifupa ya Mtoto ilikuwa laini mno; mtu mmoja angepita na jembe akitafuta hazina, tusingemjua kamwe.

Basi watoto, tukifika Han tuwe na adabu ya pango. Usiguse nguzo, kwa sababu mafuta ya kidole chako huzuia chokaa kushika pale, na jiwe huacha kukua. Usichukue hata kokoto. Mwongozaji akizima taa, nyamaza usikie matone. Ukitaka kuuliza, uliza kwa Kifaransa au Kiholanzi, kisha mweleze mwenzako kwa Kiswahili. Maneno unayo: pango, tone, popo, chokaa, giza.

Na kabla ya safari, kila mmoja amuulize mkubwa wa nyumbani kwake, kwa simu au ana kwa ana: kwenu kuna pango gani, au mlima, au msitu, ambao watoto walikatazwa kuingia peke yao? Waliambiwa kuna nini ndani? Andika kama ulivyosimuliwa, usisahihishe kitu, ulete Jumamosi ijayo. Tutazisoma hadithi zote ndani ya treni, kuanzia Brussels mpaka Jemelle.