Kutoka Hapa Mpaka Pale

Nikisema nimezaliwa Ruanda, watu wa Dar es Salaam huniuliza kama nina pasipoti. Wa Mbeya hudhani ninaisema kata ya mjini kwao. Ruanda yetu iko wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, na kwetu ni kahawa. Baba alipofariki alituachia shamba la kahawa na, bila sisi kujua, video moja ya dakika nne.

Video hiyo aliirekodi binamu yangu alipokuja likizo na simu mpya ya gharama. Alimfuata baba shambani, baba akamwonyesha mipaka. Hakuna aliyeikumbuka mpaka baada ya arobaini, baba mdogo aliposema mistari minne ya kahawa upande wa bondeni ni yake. Mama akasema si yake. Wazee wa ukoo wakapanga kikao Jumamosi; wakishindwa wao, shauri lingepelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Ndipo binamu akapiga simu kutoka Dar: "Mbona mjomba aliyasema haya yote? Ninayo video."

Alituma kiungo Jumatano jioni. Simu yangu ndogo iligoma kukifungua, nikachukua kompyuta mpakato niliyoinunua mtumba nikiwa chuoni. Mama akavuta kigoda, akajifunga kanga vizuri kama anayepokea mgeni. Nikabonyeza. Sauti ya baba ikajaa sebuleni. Kioo kikabaki cheusi.

"Sikiliza," baba alikuwa akisema. "Sisi ni kutoka hapa, unashuka hivi, mpaka pale. Umepaona? Pale."

Hatukupaona. Mama akanigeukia. "Anaongea, lakini hayupo," akasema.

Nikampigia binamu, maana kwake video ilikuwa inacheza vizuri.

"Anaonyesha wapi?"

"Kwenye mti."

"Mti gani?"

"Mti tu. Wa kijani."

Binamu amezaliwa na kukulia mjini. Hata hivyo wazee wasingekubali ushahidi wa kusimuliwa kwa simu. Walitaka kuona kwa macho yao.

Alhamisi nzima nilihangaika. Nilipakia ukurasa upya. Nilifuta kumbukumbu za kivinjari. Nilifungua dirisha la faragha, nikidhani labda kiongezo fulani ndicho kinachozuia picha. Nilizima kile kipengele kinachoikabidhi kadi ya michoro kazi ya kuchora picha. Nilijaribu kivinjari kingine. Kila jaribio lilikula bando, na kila mara baba alisema "pale" kutoka gizani. Jioni nikamwambia mama, na mama akawaambia wengine: video imegoma, mtandao wa huku ni mbovu.

Lakini mtandao haukuwa na kosa, na sauti yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiniambia hivyo. Mtandao ukiwa dhaifu, video husimama, kiduara kinazunguka, maneno yanakatika. Sauti ya baba haikukatika hata mara moja. Video nyingine kwenye kivinjari kilekile zilicheza bila shida. Siku nzima nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakijaharibika, badala ya kujiuliza ni nini hasa kinachokosekana.

Ijumaa nikaipakua video yote na kuangalia taarifa za faili. Faili la video ni kama gunia lenye mizigo miwili, sauti na picha, na kila mmoja umefungwa kwa namna yake. Sauti ya baba ilikuwa imefungwa kwa AAC, ambayo karibu kila kivinjari huifungua. Picha ilifungwa kwa HEVC, au H.265, mtindo uliotoka mwaka 2013. Huo hubana picha vizuri zaidi kuliko H.264 ya mwaka 2003, ndiyo maana simu nyingi mpya huutumia kuokoa nafasi. Tatizo ni kwamba hataza zake zinamilikiwa na kampuni nyingi zinazodai malipo, hivyo vivinjari vingi havibebi ufunguo wake. Vinategemea chipu ya kompyuta ifanye kazi hiyo. Kompyuta yangu ilitengenezwa kabla ya chipu za namna hiyo.

Dawa zilikuwa mbili. Kulifungua faili kwa programu inayobeba funguo zake yenyewe, kama VLC, ambayo ni ya bure. Au kuigeuza picha iwe H.264, ifunguke popote. Saa tano usiku nikaifungua kwa VLC. Picha ilikwamakwama kwa uzee wa mashine, lakini ilikuwa picha. Baba alikuwa amevaa sweta lake la kijivu. Mkono wake ukanyooka.

Siku zote tuliamini "pale" ni mparachichi wa bondeni. Baba alinyoosha mkono kwenye mparachichi wa juu, mistari minne kabla. Kisha akatembea mpaka kwenye shina lake, akalipiga kofi mara mbili.

Baba mdogo alikuwa anasema kweli.

Nyumba nzima ilikuwa imelala. Kahawa ya mistari ile ndiyo iliyokuwa inasaidia kulipa chumba cha mdogo wangu anayesoma Mbeya. Na kila mtu alishajua kwamba video imegoma. Mimi ndiye niliyewaambia. Hakuna ambaye angeniuliza swali la pili.

Nikaanza kuigeuza iwe H.264. Ilichukua karibu saa mbili. Asilimia zilipanda polepole, na pembeni yake kilikuwepo kitufe cha kusitisha. Nilikiangalia sana kitufe kile.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nikamwonyesha mama peke yake. Hakuutazama mparachichi kwanza. "Kumbe siku ile alivaa sweta hili," akasema. Video ilipoisha akakaa kimya, kisha akasimama kwenda kuchochea moto wa chai ya wageni. Akiwa mlangoni akasema, "Waonyeshe, mwanangu. Ndivyo alivyosema."

Wazee waliiangalia mara tatu. Hawakuwa na la kujadili. Baba mdogo hakumtazama mama, wala hakusema "niliwaambia". Aliinama karibu na kioo.

"Rudisha pale anapocheka," akasema.

Nikarudisha. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaniomba nimrushie na yeye. Nikarusha. Akabonyeza kwa kidole gumba, na ikacheza mara ya kwanza, sauti na picha.