Tairi Moja Jipya Kati ya Matatu Yaliyolika

Kwa mafundi wa Tarime tairi halichakai, bali hulika. Nakipenda kitenzi hiki kwa sababu hakimtaji mlaji. Huenda ni lami, changarawe, breki za ghafla, au uvivu wa mwenye gari asiyepima upepo. "Kulika" huwafunika wote na kutuachia tukio lenyewe, kwamba kitu kilikuwapo na sasa kimepungua. Meno yakiisha kabisa, tairi huitwa kipara. Likichomwa msumari lina pancha, na pancha huzibwa. Likichanika ubavu, fundi mwenye dhamira hutikisa kichwa tu, kwani hapo hapana kiraka cha kuaminiwa.

Langu lilichanika ubavu ng'ambo ya Nyamongo, katika barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu. Nafundisha Kiswahili Tarime. Mama yangu anaishi Mugumu, na kila mwezi humpeleka kliniki. Gari ni Subaru Forester iliyokwisha kutumika miaka mingi kabla ya kunifikia, na magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha matairi mawili mapya, si manne. Siku ya kliniki ilikuwa imekaribia.

Fundi wa kwanza, mzee anayeheshimika pale mjini, aliniambia, "Mura, nunua moja tu. Duara ni duara, litazunguka." Kwa magari mengi asingekuwa mbali na ukweli. Kwa gari hili, hata hivyo, duara si duara mpaka lipimwe.

Tairi huandikwa ubavuni kama shairi fupi la tarakimu. Langu linasema 225/60R17. Upana wake ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani. Nayo rimu ni ya inchi 17. Kwa hesabu za darasani, kipenyo chake ni karibu milimita 702, na mzingo wake mita 2.2. Meno ya tairi jipya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Nilipochukua rula ya shule na kupima matairi yangu matatu, nilikuta milimita 4. Tofauti hiyo mkononi si kitu. Lakini ukiizungushia duara, mzingo wa tairi lililolika ni mfupi kwa milimita 25, na hivyo hulazimika kuzunguka mara tano zaidi katika kila kilomita. Katika kilomita mia moja, hiyo ni mizunguko mia tano ambayo tairi jipya haliijui.

Nani hubeba tofauti hiyo? Difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili kupishana mwendo, kwa mfano kwenye kona, ambapo gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kona hupita, nayo difu hupumzika. Ukiweka tairi moja jipya, gari huwa limo konani siku nzima hata barabara ikiwa imenyooka kama uzi. Difu ya ekseli hubeba tofauti yote, na nusu yake hufika kwenye kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ndani ya kiungo hicho, kutegemea gari, mna sahani zinazosuguana au majimaji mazito ya silikoni. Vyote hupata joto, na joto lisilopumzika huunguza. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari ya aina hii hutaka tofauti ya kina cha meno isizidi milimita mbili au tatu. Anayeokoa bei ya tairi anaweza kuja kulipa bei ya giaboksi.

Wasomaji wa ukurasa huu hawatashangaa nikisema kwamba hapo nilifikiria tarbia. Mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita. Mshororo mmoja ukiwa na mizani kumi na saba, mwimbaji hodari huimeza silabi na hadhira isijue. Difu ya shairi ni pumzi ya mwimbaji. Lakini mpe utenzi wa beti mia mbili wenye kipande kimoja kinachozidi katika kila ubeti, na utamsikia akichoka kabla ya nusu. Kosa dogo lisilo na mapumziko ni kubwa kuliko kosa kubwa la mara moja.

Sisemi haya ili kuufufua ugomvi wa zamani. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria zake za utungaji mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe katika ziwa hili hili letu, alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwa wakiendesha magari tofauti. Yapo magari ya foo wili ambayo dereva huunganisha ekseli ya mbele kwa mkono anapoingia kwenye tope, na akifika kwenye lami huiachia. Humo, ekseli zinapoachana, tofauti ya mbele na nyuma haimuumizi mtu. Kanuni hufuata kiungo. Palipo na shafti inayofunga wanne pamoja, wanne hao wanadaiwana usawa. Pasipo na shafti, usawa ni hiari.

Wala kuhesabu si mali ya pwani peke yake. Wanafunzi wangu wengi husema Kikurya nyumbani, na wataalamu wa fonolojia wameonyesha kwamba katika vitenzi vya lugha hiyo toni ya juu huanza kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kutegemea njeo. Mtoto wa Tarime huhesabu hadi nne ndani ya neno kabla hajafundishwa hesabu. Nikimwambia kwamba mshororo una mizani, simletei kitu kigeni.

Nilifanyaje basi? Mawili mapya yangesawazisha ekseli moja na kuacha ugomvi kati ya mbele na nyuma. Nilikwenda kwa wauza matairi ya mtumba na rula yangu. Nilitafuta kipimo kile kile, chapa ile ile ikipatikana, na meno ya milimita 4 au 5. Nilisoma pia tarakimu nne za tarehe zilizo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukilala ghalani, na lenye meno mazuri laweza kuwa na nyufa za uzee. Matatu niliyakataa. La nne lilikuwa na milimita 5, ubavu mzima, bila kiraka ndani. Nililinunua, nikajaza upepo sawa kwa yote manne, na fedha iliyobaki nimeiweka akiba ya seti kamili. Mama alifika kliniki siku yake, akisinzia njia nzima.

Muuzaji alinishangaa nilipolirudisha rafuni tairi lenye meno marefu kuliko yote. "Mwalimu, hili ndilo zuri," alisema. Nilimjibu kwamba ni zuri kweli, ila halina wenzake. Alicheka, kisha akaomba rula, akaanza kuyapanga upya matairi yake: si kwa bei tena, bali kwa kina cha meno, yaliyolika sawa yakikaa pamoja.