Ishirini na Tatu

Nilipata 23 kwa 70. Niliiona kwenye simu yangu yenye ufa, nikiwa kwenye foleni ya chapati hapa Kahawa. Nikatoka kwenye foleni. Njaa ilikuwa imeisha.

Ilikuwa 2021. Chuo chetu kilikuwa kimehamishia mitihani mtandaoni kwa sababu ya korona, na karatasi ya takwimu niliifanyia kitandani. Muda ulikuwa saa mbili, saa ya mfumo ikipungua pale juu kwenye kona, na ukichelewa karatasi inajikusanya yenyewe. Nilikuwa nimenunua bando za laini mbili, just in case moja ikatae. Stima ikapotea katikati. Nilimaliza na chaji ya asilimia 6, nikashukuru Mungu, nikalala.

Sasa, mimi ni mtu wa kizazi cha 20076. Matokeo ya KCSE wakati wetu ulikuwa unatuma nambari yako kwa SMS, unangoja roho ikiwa mkononi, gredi inarudi, basi. Hakukuwa na cha kubonyeza baada ya hapo. Kwa hivyo 23 niliichukua hivyo hivyo. CAT zangu zilikuwa 14. Jumla 37, na kupita ni 40. Hesabu hiyo angalau niliiweza.

Nikampigia mamangu.

"Mama, nimeanguka karatasi moja."

Akanyamaza. Kisha: "Kurudia ni pesa ngapi?"

Sikujua, nikabahatisha. Jioni M-Pesa ikalia: elfu tatu. Nilijua zimetoka wapi. Ilikuwa zamu yake kwenye chama, na pesa hizo zilikuwa za mabati ya jikoni, ile jikoni ambayo mvua ikinyesha anapika amejifunika leso kichwani.

Siku nne sikufungua mfumo. Ningefungua nione nini tena?

Ni jamaa tunayeishi naye aliyeniuliza, akipiga mswaki: "Na uliangalia swali kwa swali?"

Kumbe kuna pa kubonyeza. Chini ya ile jumla kuna tarehe uliyofanya mtihani. Ukiigusa, karatasi yako yote inafunguka, swali, jibu lako, na alama pembeni. Maswali mafupi mfumo husahihisha wenyewe, papo hapo. Hayo yalikuwa na alama 30, na mimi nilikuwa na 23. Yale mawili ya maelezo, alama 20 kila moja, yalikuwa na maandishi madogo ya kijivu ambayo hata mwewe angeyapita: bado kusahihishwa. Mfumo ulikuwa umeyahesabu kama sufuri huku ukimngoja mhadhiri.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikapitia zile saba nilizopoteza. Nne nilizikosa kihalali, sina la kusema. Tatu ziliniuma: niliandika 25%, kisanduku kilitaka 25. Kale ka alama ka asilimia ndiko kalikonimaliza. Nilimwandikia mhadhiri barua pepe ya adabu kupita kiasi, na zile tatu zikarudi. Wiki iliyofuata maelezo nayo yakasahihishwa: 21 kwa 40. Jumla ya kila kitu, 61.

Kumpigia mamangu mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza.

"Kwa hivyo hukuanguka?"

"Walikuwa hawajamaliza kusahihisha, Mama."

"Na wewe ulijuaje umeanguka kama hawajamaliza?"

Nilijaribu kumweleza juu ya maandishi ya kijivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wanawake wa chama wote walikuwa wananiombea, na Jumapili itabidi asimame tena awaambie waache.

Usiku huo nilimrudishia elfu mbili na mia saba. Mia tatu nilikuwa nimeshazila, chapati na maharagwe, kwa zile siku nne.

Akanipigia papo hapo. "Na hizi zingine?"