Maji ya Mvua na Mume Wangu

Mwaka wa tatu wa ndoa, maongezi yetu yalibaki kodi, foleni na nani kasahau LUKU. Nikaanza kuogopa. Tukaenda Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar: nyuma msitu ulioota juu ya mawe, mbele matumbawe yanayohifadhiwa tangu 1994. Nyumba za wageni ni saba tu. Umeme ni wa jua, na maji ya kuoga ni ya mvua iliyokingwa na paa la makuti. Jamani, pale lazima muulizane! "Mke wangu, nikuachie maji kiasi gani?" Usiku tukaingia msituni na mwongozaji kutafuta kaa wakubwa wa nazi, mkono kwa mkono, tukicheka. Wewe na mwenzio, leo mmeulizana nini?